Inveta na kontrola za sola zinazoua mosifeti: kusoma dalili kuanzia kwenye geti

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kuanzia Mafinga na Makambako hadi Mwanjelwa na Tunduma, inveta na kontrola za sola zinazofika kwa fundi huwa na malalamiko yaleyale: inachemka hata kwa taa mbili, inajiwasha yenyewe, imepiga shoti, au imekufa alfajiri ya baridi. Matibabu ya kawaida ni kung'oa mosifeti zote nne, zile transista zinazowasha na kuzima umeme mkubwa, kuweka mpya na kuwasha. Moshi unatoka tena, mteja anaongeza hela, na chanzo kiko palepale kwenye bodi.

Mosifeti si swichi tu. Geti lake, yaani mguu unaoiamuru iwake au izime, ni kapasita ya semikondakta, yenye sahani moja ya geti juu, oksidi ya silikoni katikati, na silikoni yenyewe ikiwa sahani ya pili. Ukielewa mikanda ya nishati inavyopinda chini ya hiyo oksidi, kila dalili hapo juu inakuelekeza mahali pa kupima kabla hujashika solda.

Onyo la kwanza. Inveta nyepesi zisizo na transfoma kubwa ya chuma hupandisha umeme hadi volti 300 na zaidi za mkondo mnyoofu kabla ya kutengeneza 230 ya matumizi ya nyumbani. Kapasita zake kubwa hubaki na chaji hata betri ikiondolewa. Chomoa betri, subiri dakika 5, pima. Kama bado kuna volti, punguza kwa rezista ya kilo-ohm 10 ya wati 10, si kwa bisibisi, kisha pima tena. Kama huna multimita ya kuaminika au hujawahi kufanya kazi hiyo, usifungue kifuniko.

Kinachotokea chini ya geti

Ndani ya silikoni elektroni hukaa kwenye mikanda miwili. Chini uko mkanda wa valensi, ambako zimefungwa na atomi zake. Juu uko mkanda wa upitishaji, ambako ziko huru kutembea. Katikati kuna pengo la elektronivolti 1.12, ambamo silikoni safi haina nafasi ya elektroni kukaa. Oksidi ina pengo la takriban 9, na elektroni inayotaka kupanda kutoka mkanda wa upitishaji wa silikoni kuingia kwenye oksidi inakutana na ukuta wa kama 3.1. Ukuta huo ndio unaolifanya geti lishike chaji bila kuivuja.

Chukua mosifeti ya N, kama IRF3205 iliyojaa kwenye inveta za volti 12. Silikoni iliyo chini ya geti ni ya aina ya P, yenye matundu mengi (nafasi zilizoachwa na elektroni, zinazotenda kama chaji chanya) na elektroni huru chache mno. Ukiweka volti hasi kwenye geti, mikanda inapinda kwenda juu pale uso wa silikoni unapogusana na oksidi, na matundu yanalimbikizana hapo. Ukiweka chanya kidogo, mikanda inapinda kwenda chini, matundu yanakimbia, na chini ya oksidi linabaki eneo tupu lisilo na chaji inayotembea. Sasa ni kama kapasita mbili zilizofungwa mfululizo, oksidi na eneo tupu, kwa hiyo kapasitansi inashuka. Ongeza tena: mpindo ukifika kama volti 0.8, mkanda wa upitishaji unakuwa umekaribia kiwango cha Fermi (kiwango cha nishati ambacho elektroni hujaa hadi hapo) kiasi kwamba elektroni zinajaa usoni. Silikoni ya P imegeuka kuwa kama N, yenye elektroni nyingi, na njia kati ya sosi na dreni, miguu miwili inayopitisha umeme mkubwa, imefunguka. Hapo ndipo penye volti ya kizingiti, ambayo kwa IRF3205 ni kati ya 2 na 4.

Jambo linalosahaulika ni kwamba baada ya kizingiti mikanda haipindi tena sana. Kila volti unayoongeza inaingiza elektroni zaidi kwenye njia ileile. Geti likiwa na volti 5 njia ipo, ila ni nyembamba. Likiwa na 10 njia ni pana. Ile miliohm 8 iliyoandikwa kwenye datashiti ya IRF3205 ni ya volti 10 kwenye geti, na mtengenezaji hakuahidi chochote kwa volti 5.

Jaribio la balbu na betri ya volti 9

Fanya hili kwa kila mosifeti unayoitilia shaka, ikiwa imechomolewa kwenye bodi. Unahitaji betri ya gari au ya pikipiki ya volti 12 yenye fyuzi ya ampea 5, balbu ya indiketa ya wati 21 na betri ya volti 9.

Unganisha chanya ya betri kubwa kwenye balbu, balbu kwenye dreni, na sosi kwenye hasi. Miguu ya TO-220 (umbo la kawaida la mosifeti hizi), maandishi yakikutazama, kutoka kushoto ni geti, dreni, sosi. Gusanisha kwanza geti na sosi kwa kipande cha waya ili kutoa chaji. Balbu lazima izime kabisa. Kisha gusisha betri ya volti 9, chanya kwenye geti na hasi kwenye sosi, kwa sekunde moja tu, uondoe. Balbu iwake kwa nguvu yote na ibaki hivyo. Hakuna kitu kimeunganishwa kwenye geti, lakini mikanda bado imepinda, kwa sababu elektroni haziwezi kuruka ukuta wa oksidi. Mosifeti nzima kwenye meza kavu hushikilia balbu kwa dakika nyingi, na mwili wake ukiugusa ni wa baridi.

Sasa pumulia taratibu juu ya miguu mitatu, kama unavyopumulia kioo cha miwani. Mara nyingi balbu inafifia au inazima papo hapo. Oksidi haijaharibika. Utando wa unyevu kati ya miguu umefanya njia ya kama megaohm 100, na kapasita ya nanofaradi 4 kwenye megaohm 100 huisha ndani ya nusu sekunde hivi. Kumbuka jambo hili utakapofika kwenye inveta za Rungwe, Dalili ya 2.

Balbu ikififia yenyewe ndani ya sekunde chache kwenye hewa kavu, na miguu ni safi, geti linavuja. Itupe. Na usiiache ikae balbu ikiwa nusu mwanga, kwani hapo mosifeti imefunguka nusu na joto lote linaishia ndani yake.

Dalili ya 1: Mosifeti zinachemka kwa mzigo mdogo, hazijapiga shoti

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na sababu kubwa haiko kwenye mosifeti.

*Volti ya geti iko chini.* Anza na betri na vibano vyake. Pima volti kwenye bodi yenyewe, si kwenye betri, wakati mzigo unafanya kazi. Kibano chenye kutu au waya mwembamba unaweza kukuonyesha 12.4 kwenye betri na 9 kwenye bodi. Saketi ya SG3525, inayoyapa mageti mapigo ya kuwasha na kuzima, huendelea kutoa mapigo hadi karibu volti 7, na mapigo yake huwa pungufu ya volti inayopokea kwa 1 hadi 2. Yaani bodi ikiwa na 9, geti linapata 7 na kitu. Njia imekuwa nyembamba, mosifeti inageuka kuwa hita.

Safisha vibano, tumia waya wa milimita za mraba 25 au zaidi kwa inveta ya wati 1,000 ya volti 12, na ufupishe uwezavyo. Hakikisha pia kinga ya betri kushuka inakata kweli karibu 10.5. Tumeona kinga zilizozimwa makusudi ili inveta isilie usiku. Hiyo ni kuiua betri na mosifeti kwa pamoja.

*Rezista za geti zimepanda au transista za kusukuma zimechoka.* Kati ya saketi na kila geti kuna rezista ya ohm 10 hadi 22. Joto huzipandisha taratibu. Hapa hesabu inafaa. IRF3205 huhitaji hadi nanokulombu 146 kufunguka kikamilifu. Kwa rezista ya ohm 10 chaji hiyo huingia kwa takriban mikrosekunde 0.2. Rezista ikiwa imepanda hadi 100, ni mikrosekunde 2 kuingia na 2 kutoka. Kwenye inveta ya kilohezi 50, mzunguko mmoja ni mikrosekunde 20, kwa hiyo moja ya tano ya muda wote mosifeti iko katikati, haijafungwa wala haijafunguka. Chomoa upande mmoja wa kila rezista, pima, badilisha yoyote iliyozidi asilimia 20.

Kwenye bodi za TL494, saketi nyingine ya mapigo, tazama transista ndogo za PNP zinazovuta geti chini. Moja ikikatika ndani, geti linawaka haraka ila linazima polepole, na mosifeti za upande ule pekee ndizo zinazochemka. Tofauti ya joto kati ya pande mbili ni dalili nzuri sana. Iguse kwa nyuma ya kidole baada ya kuzima, usiguse ikiwa imewashwa.

*Mosifeti ya kughushi.* Maandishi yanasema IRF3205 lakini ndani kuna kipande kidogo cha silikoni. Maandishi yanafutika na kuchorwa upya, eneo la oksidi haliongopi. Kapasita ya geti ni oksidi mara eneo, kwa hiyo ipime. Gusanisha miguu yote mitatu kwanza, halafu unganisha dreni na sosi pamoja, kisha weka multimita kwenye kapasitansi kati ya geti na hiyo jozi. Datashiti inatoa pikofaradi 3,247, lakini ilipimwa dreni ikiwa na volti 25. Kwako dreni ni sifuri, eneo tupu la upande wa dreni ni jembamba, hivyo namba halisi lazima iwe kubwa kuliko hiyo. Ukisoma nanofaradi 1.5 au 2, umeuziwa kitu kingine. Chukua multimita yako dukani, pima kabla hujalipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Tofauti inaonekana kwenye joto. Mosifeti mbili zikigawana ampea 50, kila moja ina 25. Kwa miliohm 8 hiyo ni wati 5 inapopitisha. Kwa kipande kidogo cha miliohm 30 ni karibu wati 19.

*Kupooza.* Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 hadi 18 kuliko ya Dar es Salaam. Feni inayozunguka vilevile inabeba joto pungufu kuliko kule chini. Inveta iliyoandikwa wati 1,000 usiiendeshe mfululizo zaidi ya 800. Ondoa vumbi kwenye bamba la kupozea, badilisha pesti iliyokauka, na hakikisha karatasi ya maika haijapasuka.

Dalili ya 2: Inajiwasha, haizimi, au inapiga shoti mara tu betri inapounganishwa

Hapa geti limeachwa bila mwenyewe. Kapasita isiyo na njia ya kutoa chaji hukaa na chochote ilichokuta.

Kagua kwanza rezista ya kilo-ohm 10 kati ya geti na sosi ya kila mosifeti. Ikiwa imepasuka au solda yake imeachia, ndiyo sababu, wala usitafute nyingine. Kwa macho huenda isionekane. Ibonyeze kwa kijiti cha mbao huku ukipima.

Sababu ya pili ni unyevu, na Rungwe, Mufindi na maeneo yote ya chai ndiko unakoonekana waziwazi. Dreni iko katikati ya miguu, jirani kabisa na geti. Kwenye inveta za transfoma yenye mguu wa kati, dreni iliyofungwa huona volti mara mbili ya betri, yaani 24 na zaidi. Utando wa maji na mabaki ya flaksi unavujisha umeme kutoka dreni kwenda getini, na geti lisilo na rezista linapanda polepole hadi kizingiti. Rezista ya kilo-ohm 10 ikiwepo, uvujaji wa megaohm 1 kutoka volti 24 huinua geti kwa volti 0.24 tu, na hakuna kitu kinachotokea. Ndiyo maana rezista ya shilingi chache inalinda bodi nzima.

Osha kwa pombe ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji, itaongeza tatizo ikibaki kwenye nyufa. Kausha kwa kikausha nywele cha joto dogo kwa dakika 10, pulizia vanishi ya bodi, acha ikauke kabisa. Kisha mweleze mteja asiiweke inveta jikoni wala juu ya sakafu ya saruji.

Sababu ya tatu ni joto lenyewe. Joto linapopanda, idadi ya elektroni zinazoruka pengo kwa nguvu ya joto huongezeka kama maradufu kwa kila nyuzi 9 hivi, na mikanda haihitaji kupinda sana kama awali ili mgeuko (silikoni ya P kuwa kama N) utokee. Kizingiti cha volti 3 kinaweza kushuka karibu nusu volti mosifeti ikipanda nyuzi 80. Inveta inayofanya kazi ikiwa baridi na kupiga shoti ikishachemka, tafuta mapigo ya geti yasiyoshuka hadi sifuri kabisa. Kwa oskiloskopu yanapaswa kwenda chini ya volti 0.5 kabla upande wa pili haujawaka. Kwenye SG3525 nafasi ya kupumzika kati ya pande mbili huwekwa na rezista iliyo kati ya mguu wa 5 na wa 7. Ikiwa imepigwa shoti, nafasi hiyo inapotea na pande zote mbili huwaka pamoja kwa kitambo kidogo.

Kabla ya kuwasha bodi uliyoitengeneza, weka balbu ya wati 21 mfululizo kwenye chanya ya betri. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti bado. Ikimulika mara moja na kufifia, kapasita zilikuwa zinajaa na unaweza kuendelea.

Dalili ya 3: Geti limepiga shoti kwa sosi

Multimita inasoma ohm chache kati ya geti na sosi. Oksidi imetobolewa, hairudi tena.

Oksidi ya silikoni hupasuka kwenye takriban volti 1 kwa kila nanomita ya unene. Kwenye mosifeti nyingi za nguvu unene ni kati ya nanomita 50 na 100, kwa hiyo tundu hutokea kati ya volti 50 na 100. Ile 20 ya datashiti imewekwa mbali na hapo ili kapasita idumu miaka, kwa sababu chini ya umeme mkali mkanda wa oksidi unainama kiasi cha ukuta kuwa mwembamba upande wa juu, na elektroni chache zinaanza kupenya na kuacha makovu.

Sababu ya kwanza ni mikono. Kati ya Juni na Oktoba hewa ni kavu, na kila mtu amevaa sweta la sufu au jaketi la nailoni. Mwili wa mtu ni kama kapasita ya pikofaradi 100. Mshtuko mdogo unaousikia ukishika kitasa huwa ni wa volti 3,000 au zaidi. Mwaga chaji hiyo kwenye geti la IRF3205 lenye nanofaradi 4 na zaidi, linafika karibu volti 70: huenda ikapona, huenda ikabaki na kovu la kuua mwezi ujao. Mwaga hiyohiyo kwenye mosifeti ndogo kama 2N7000 yenye pikofaradi 60, inafika zaidi ya 1,800. Ndiyo maana zile ndogo za kwenye kontrola hufa bila mtu kujua zimekufa lini.

Vaa kamba ya mkononi yenye rezista ya megaohm 1 iliyofungwa kwenye chuma cha ardhi. Ukiikosa, gusa chuma hicho kila kabla ya kushika kifaa, usivae sweta la sufu ukiwa mezani, na uache mosifeti kwenye karatasi ya alumini hadi dakika ya kuzisolda. Ncha ya solda isiyo na ardhi nayo hupitisha umeme wa mtandao kwenye geti.

Sababu ya pili ni zena iliyokatika, ile diodi inayozuia volti ya geti isizidi. Bodi nzuri huwa na zena ya volti 15 au 18 kati ya geti na sosi. Kama haipo na sehemu ya kuisolda ipo, iweke.

Ya tatu ni radi, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukikuta mosifeti, saketi na transista zake zote zimekufa pamoja, na njia za shaba zimeunguzwa, usipoteze siku kwenye bodi hiyo.

Dalili ya 4: Dreni na sosi shoti, geti zima

Hapa oksidi haihusiki. Volti kwenye dreni imezidi, elektroni katika eneo tupu zimepata nishati ya kung'oa nyingine kutoka mkanda wa valensi, nazo zinang'oa nyingine.

Kosa la kawaida ni kuweka IRF3205 ya volti 55 kwenye inveta ya volti 24 yenye transfoma ya mguu wa kati. Betri inayochajiwa inafika 28.8, dreni inaona 57.6 hata kabla ya miruko ya transfoma. Tumia za volti 75 hadi 100. Ukiwa umeweka za volti sahihi na bado zinakufa, badilisha rezista na kapasita za kuzima miruko zilizoko kando ya transfoma.

Kontrola za sola zina hadithi nyingine, na Makete, Njombe na uwanda wa Kitulo wanaijua. Kontrola inakufa asubuhi ya Julai, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza juu ya umande ulioganda. Paneli ni semikondakta pia. Ikiwa baridi, elektroni zinazoruka pengo kwa joto ni chache, uvujaji wa ndani unapungua, na volti ya paneli isiyo na mzigo inapanda kwa karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Paneli mbili za volti 46 mfululizo ni 92 kwenye karatasi. Kwa nyuzi 3 chini ya sifuri ni karibu 99.7. Kontrola ya volti 100 haina nafasi yoyote iliyobaki.

Kwa Makete na Kitulo zidisha volti ya wazi ya paneli kwa 1.12 kabla ya kuchagua kontrola. Kwa Mbeya na Iringa mjini 1.08 inatosha. Ikizidi, funga paneli sambamba au nunua kontrola ya volti 150. Hakuna ukarabati utakaosaidia kama mpangilio wa juu ya paa ni uleule.

Dalili ya 5: Vipimo vya kapasitansi havikubaliani

Unapima mosifeti ileile mara tatu unapata namba tatu. Mara nyingi ni chaji iliyobaki getini, ambayo imeihamisha mikanda kabla hujaanza. Gusanisha miguu yote kati ya kipimo na kipimo. Kisha angalia kama dreni imeunganishwa na sosi, na kama umetoa pikofaradi za waya za multimita. Kupima ikiwa bado kwenye bodi hakuna maana.

Wanafunzi wanaotaka kuona mpindo wenyewe wanaweza. Funga betri mbili za volti 9 mfululizo, weka potenshiamita ya kilo-ohm 100 kati ya ncha zake, sosi na dreni ziende kwenye kiungo cha katikati cha betri. Kutoka kwenye potenshiamita pitisha rezista ya megaohm 1 hadi getini. Mita ya kapasitansi ya kilohezi 1 iunganishwe kati ya geti na sosi kupitia kapasita ya filamu ya mikrofaradi 1, isiguswe na volti nyoofu. Kutoka hasi 9 hadi chanya 9 utaona namba ikianza juu, ikishuka kwenye bonde la eneo tupu, ikipanda tena elektroni zikifika.

Anayepima kapasita tupu ya maabara, isiyo na sosi, hushangaa bonde halipandi tena kwa megahezi 1. Si kosa. Mosifeti hupata elektroni zake za mgeuko kutoka kwenye sosi papo hapo. Kapasita tupu inazisubiri ziruke pengo kwa joto, na megahezi 1 haisubiri. Mchirizo, yaani mstari wa grafu ya kapasitansi dhidi ya volti, ukipanda mara taa ya meza inapowashwa, mwanga ndio unaozivusha pengo, kwa hiyo funika kwa boksi jeusi. Ukishuka chini ya bonde la kawaida, umebadilisha volti haraka mno. Ukiwa umehama wote kwenda kushoto, kuna chaji chanya ndani ya oksidi, na mtuhumiwa wa zamani ni sodiamu ya jasho la mikono, ambayo miaka ya 1960 ilisumbua hata viwanda vya Marekani. Ukiwa umelala badala ya kusimama, kuna mitego, yaani kasoro zinazonasa elektroni, kwenye mpaka wa oksidi na silikoni.

Mahali pa kusimama

Acha kazi na mwite mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) pale inveta inapokuwa imeunganishwa na waya za TANESCO (shirika la umeme) kupitia swichi ya kubadilisha. Swichi iliyofungwa vibaya inarudisha volti 230 kwenye nguzo, na fundi aliyepanda juu hana habari. Acha pia kama betri ni ya lithiamu na imevimba, inanuka kemikali tamu au ina joto bila kutumika: itoe nje ya nyumba, mbali na mbao, wala usiichaji kujaribu. Na kama bodi ya volti 300 imepiga shoti mara ya pili baada ya kubadilisha mosifeti zenye kapasitansi sahihi, rezista na zena, usiijaribu mara ya tatu bila oskiloskopu yenye probu ya kutenganisha, kwa sababu ardhi ya probu ya kawaida kwenye sehemu hiyo hupitisha shoti kupitia kifaa chenyewe na mkono ulioishika.